Mke Mwenza wa Mti Mkavu

Habari ya kifo ilipofika, Fundi aliifukuza mlangoni.

Alikuwa chumba cha mbele, kwenye cherehani yake ya kukanyaga, anapinda mkono wa gauni la mteja, aliposikia ko, ko, ko. Hakuinua macho. Tangu kigong'ota aanze kutoboa mti mkavu ulio nyuma ya nyumba, kila asubuhi ilikuwa ni kugongewa tu, na Fundi alishaapa kwamba hatamgeuzia shingo ndege yule hata akigonga kwa nyundo. Ikaja tena: ko, ko, ko.

"Gonga mpaka mdomo ukukatike!" akapaza sauti. "Bwana wako kaenda kazini! Rudi jioni, ndiyo zamu yako!"

Kisha sauti ya mwanamume ikasema kutoka nje, polepole, "Shemeji, ni mimi."

Alikuwa Ngazi, yule mrefu aliyefanya kazi na mume wake. Alikuwa amegonga mhimili wa baraza kwa mpini wa nyundo, maana watu wa kazi ile hawajui kupiga hodi kwa mkono. Nyuma yake walisimama wenzake wawili, na wote watatu walishika kofia zao ngumu mikononi. Mkaguzi wa nguzo za umeme havui kofia yake saa za kazi. Fundi aliziona zile kofia, akajua.

"Yuko wapi?"

"Kaa kwanza, shemeji."

"Nimekuuliza mtu, sikukuuliza kiti."

Ngazi akaeleza huku akitazama vidole vya miguu yake. Walikuwa wanakagua nguzo za zamani nyuma ya maghala. Mume wake aligonga nguzo moja kwa nyundo, kama kawaida, akasogea, akaweka sikio. Kisha akapiga magoti taratibu, sikio likiwa bado pale pale kwenye mti. Sasa, kazi ile ina kanuni yake: mwenzako akiweka sikio kwenye nguzo, hamna kusema, hamna kukohoa, hata simu inazimwa, kwa sababu uozo wa ndani husikika kwa mbali sana, na ukiukosa, kesho atapanda mtu na nguzo itavunjika naye. Kwa hiyo walinyamaza. Waliona amepiga magoti, wakadhani uozo uko chini, kwenye shina.

"Tulinyamaza, shemeji," Ngazi akasema. "Tulidhani anasikiliza."

Moyo ulikuwa umesimama. Daktari alisema baadaye kwamba ulisimama mara moja, na kwamba hata wangepiga kelele isingesaidia kitu. Hilo Mungu ndiye ajuaye. Lakini Fundi, akiwa amesimama pale mlangoni na uzi bado umening'inia kwenye mdomo wake, hakulia kwanza. Kilichotangulia kilikuwa ni wivu, ule ule wa siku zote, ulioingia kabla ya machozi kama mgeni anayejua njia ya jikoni. Hata kufa, akawaza, kaenda kufia kifuani mwa nguzo.

*

Kazini walimwita Sikio. Hakuwa na elimu kubwa wala cheo kikubwa. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye nyundo ndogo iliyong'aa mpini kwa kushikwa, na kopo la rangi nyekundu. Nguzo iliyooza aliizungushia pete ya rangi, ikang'olewa. Iliyo nzima aliiacha. Na nguzo mpya ikishasimamishwa kwenye shimo lake, yeye ndiye aliyeigonga mara tatu, kwa taratibu, kabla ya wengine kurudishia udongo. Ndiyo desturi yao. Asipogonga, udongo haushindiliwi.

Alimpata mke kwa nyundo hiyo hiyo. Wakati huo Fundi alikuwa amepanga kibanda cha kushonea katika mtaa wa maduka, na kibanda chenyewe kilishikwa mbele na mhimili mmoja wa mti. Siku hiyo Sikio alikuwa anakagua nguzo za mtaa. Alipomaliza ya mwisho, akaugonga na ule mhimili usiomhusu: ko, ko, ko. Fundi, bila kuacha kushona, akajibu kwa kishikio cha mkasi juu ya meza: ko, ko.

"Nguzo yako nzima," Sikio akasema. "Mwenye nguzo ndiyo sijui."

"Mwenye nguzo hapimwi kwa nyundo, kaka. Pita."

Akapita. Kesho yake akarudi, akagonga tena. Na kesho kutwa. Mpaka wenye maduka ya jirani wakaanza kusema mhimili ule sasa ndio utaoza kwa kukaguliwa. Walipooana, desturi ikahamia nyumbani. Kila jioni Sikio aligonga fremu ya dirisha mara tatu, akasubiri, na hakuingia mpaka Fundi ajibu mara mbili. Hata wakiwa wamenuniana, hata Fundi akiwa na moto jikoni, hapakuwa na kuingia bila jibu. Fundi alikuwa na mambo machache maishani ya kujivunia, na hilo lilikuwa la kwanza. Wake wengine waliitwa majina matamu. Yeye aligongewa.

Kisha wakajenga pembeni ya mji, mahali msitu ulipokuwa unaishia, na hapo ndipo alipoingia yule mwingine.

Nyuma ya kiwanja palikuwa na mti mkubwa uliokufa umesimama, umepukutika magome, mweupe kama mfupa. Fundi aliutazama mara ya kwanza akaona kuni na nafasi ya chumba cha kushonea. Sikio aliutazama akaona mashimo. Siku chache baadaye akaja mwenye mashimo: kigong'ota mkubwa kuliko wote, mweusi, mkubwa kama kunguru, mwenye mstari mweupe unaoshuka shingoni na kishungi chekundu kinachosimama kama moto wa kiberiti. Alitua kwenye shina wima, akajiegemeza kwa mkia kama mtu aliyekalia kigoda, akarudisha kichwa nyuma na kupiga. Vipande vya mti vilidondoka vikubwa kama vya shoka.

"Umeona?" Sikio akanong'ona. "Anagonga, anasikiliza. Akisikia sisimizi ndani, ndipo anatoboa. Huyu ni mkaguzi mwenzangu."

"Mkaguzi gani ana kilemba?" Fundi akajibu.

Tangu siku hiyo Sikio hakunywa tena chai ya asubuhi mezani. Alibeba kikombe na kigoda chake, akaenda kukaa chini ya ukuta wa nyuma. Fundi alibaki na mkate na kiti kitupu. Jioni, baada ya kugonga dirisha na kujibiwa na kula, alirudi tena kule. Na alipozungumza, lo, alizungumza! Mtu ambaye ukimuuliza habari za kazi anasema "salama" na basi, sasa aliweza kueleza mpaka chakula kipoe. Kwamba ndege wale ni wawili, dume na jike, na hawaachani mpaka mmoja afe. Kwamba kila mwaka wanachimba shimo jipya la kulelea, hawapendi la mwaka jana, na lile la zamani wanawaachia bundi na nyuki. Kwamba ulimi wa ndege yule ni mrefu hata unazunguka nyuma ya fuvu. Kwamba ile ngoma anayopiga kwenye tawi lenye uwazi si ya kutafuta chakula, bali ni ya kuwaambia wengine kwamba hapa pana mwenyewe.

"Na mimi?" Fundi akauliza siku moja. "Hapa pana mwenyewe?"

"Eeh," Sikio akasema, macho dirishani. "Sikiliza, anaanza."

Fundi alikwenda kumshtakia wifi yake, dada wa Sikio, mwanamke mnene wa vicheko aliyeuza vitambaa.

"Wifi, kaka yako ana mke wa pili."

Wifi akashika kifua. Alipoelezwa ni nani, akacheka mpaka akakalia mzigo wa vitambaa. "Shukuru Mungu, wifi yangu! Wengine wake wenza wao wana marashi na simu. Wako anakula sisimizi!"

"Angekuwa mwanamke ningemkunja. Ndege nitamkunja wapi?"

"Mwombee ahame."

Wifi alitania, ila Fundi hakutania. Usiku ule alipiga magoti kando ya kitanda akasema, kwa sauti ambayo Mungu angeisikia na mume pia: "Baba, viumbe vyote ni vyako na vyote ni vyema. Lakini huyu mmoja, kwa huruma zako, mhamishe." Gizani, Sikio akaitikia, "Kila mti mkavu wa kule msituni umeshakatwa, Fundi. Atahamia wapi?" Na kweli, msitu ulikuwa unarudi nyuma kila mwaka mbele ya nyumba mpya, na kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa miti iliyokufa, maana haina mwenyewe na inawaka vizuri. Ndege mkubwa hatoboi mti mwembamba. Mti wao ulikuwa umebaki peke yake. Fundi alilijua hilo, na lilimkera zaidi: mke mwenza asiye na kwao hafukuziki.

Ndipo akafanya lile la gauni. Alikuwa na kitambaa cheusi kilichobaki kwa mteja. Akajishonea gauni la kukata na shoka, akapitisha utepe mweupe kutoka shingoni mpaka kiunoni, akanunua kilemba chekundu kwa wifi yake, akakifunga kikasimama. Jioni ko, ko, ko. Akajibu ko, ko. Sikio akaingia, akasimama. Alimtazama. Alimtazama kwa jicho lile lile la kwenye mti, jicho ambalo Fundi alikuwa amelitamani msimu mzima. Moyo ukamwenda mbio kama msichana.

"Jike hasa," Sikio akasema kwa mshangao. "Dume kishungi chake kinaanzia kwenye paji la uso. Jike kinaanzia katikati ya kichwa. Hivyo hivyo ulivyofunga."

Sikio alidhani amemsifu. Fundi alivua gauni akalikata foronya siku ile ile. Kilemba alikitupa chini ya sanduku, na hawakusemezana mpaka ibada ya wiki iliyofuata. Lakini hata siku hizo, dirisha liligongwa na likajibiwa. Hilo hakuna aliyethubutu kuligusa.

*

Sasa Sikio alikuwa amelazwa chumba cha maiti, na nyumba ilijaa watu. Wanawake walikaa sakafuni chumba cha mbele, cherehani imesukumwa ukutani na kufunikwa shuka. Kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa sauti nzito na mipango, alizunguka kiwanja akipima kwa hatua.

"Shemeji," akamwita Fundi kando, "turubai halikai. Ule mti unatubana. Na kuni hatuna za kutosha kuwapikia watu. Kama huna neno, kesho asubuhi tuuangushe."

"Ukateni," Fundi akasema.

Alisema upesi mno, na akahisi kitu kama furaha, furaha isiyostahili kuingia katika nyumba ya msiba. Miaka yote aliusemea mti ule na kukataliwa. Sasa mkataaji hayupo. Mke mwenza angeamka kesho hana pa kutua, ajue na yeye maana ya kuachwa.

Lakini alfajiri usingizi ulimkataa. Wifi yake alikuwa anakoroma ubavuni mwake, macho yamevimba kwa kulia. Fundi akatoka kwa mlango wa nyuma. Kigoda cha Sikio kilikuwa pale pale chini ya ukuta, na kikombe cha jana juu yake, chai imeganda utando. Akakiondoa kikombe, akakaa. Katika miaka yote hakuwahi kukalia kigoda kile. Alikaa, ajue basi mume wake alikuwa anafuata nini.

Kulipopambazuka, ndege akaja kutoka upande wa msitu, akarukaruka hewani kama anayepanda vidato, akatua karibu na shimo jipya. Kishungi kilianzia katikati ya kichwa. Jike. Fundi akakunja midomo. Ndege akainamisha kichwa, akagonga ubavu wa shimo, kwa upole, si kwa nguvu ya kutoboa. Akanyamaza. Akasubiri.

Kutoka ndani ya mti kukatoka jibu. Ko, ko.

Kisha kichwa kikatokeza, kishungi chekundu mpaka kwenye paji la uso. Dume ndiye aliyelala na mayai usiku kucha. Akajivuta nje, akaruka kwenda kutafuta riziki, na jike akaingia kushika zamu.

Damu ikampanda Fundi kichwani. Kumbe! Kumbe hata lile dirisha! Jambo lile moja alilodhani ni lake peke yake, alilojivunia mbele ya Mungu na watu, mume wake alikuwa amelichukua huku, kwa huyu mwenye manyoya, akamletea yeye kama nguo ya mtumba. "Hata hili, Sikio?" akasema kwa sauti kwenye kile kigoda. "Hata hili ulilitoa kwake?" Na hapo ndipo kilio kilipokuja, kilio cha hasira, cha kupiga goti kwa ngumi.

Alilia mpaka akachoka. Wivu, hata hivyo, una akili zake. Ukimtesa mtu humfanya mpelelezi. Akaanza kuhesabu mambo nyuma, kama mke anayetafuta siku mume alipoanza kuchelewa. Wameanza kuishi hapa lini? Baada ya ndoa. Dirisha lilianza lini? Siku waliyooana, kwenye chumba chao cha kupanga. Na kabla ya dirisha? Mhimili wa kibanda, mtaa wa maduka, ambako hapakuwa na mti wala ndege ila kunguru wa jalalani. Na mara tatu zile zilikuwa za nguzo, za kazi yake. Na mara mbili?

Mara mbili zilikuwa zake yeye. Zilitoka kwenye mkasi wake.

Akalirudia wazo hilo taratibu, kama anayekagua mshono asije akawa amejidanganya. Sikio hakujifunza kugonga kwa ndege. Sikio alikuja hapa akiwa tayari mtu anayegonga na kusubiri, akaona juu ya mti viumbe wawili wanaofanya kama yeye na mke wake. Ndiyo maana akaleta kigoda. Alikuwa anakaa asubuhi kucha anatazama ndoa yake mwenyewe, mume asiyejua kusema maneno mengine.

"Mjinga wewe," Fundi akamwambia, akijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Si ungesema?"

Shemeji mkubwa alikuja na shoka na kamba, na vijana wa jirani nyuma yake. Akamkuta amekaa kati yao na mti.

"Shemeji, amka tupite."

"Hamkati."

"Jana ulisema tukate."

"Jana nilisema. Leo nasema tena."

"Na kuni?"

"Nunueni."

"Na turubai?"

"Lifungeni mbele, barabara ni pana. Watu wamekuja kumwombea kaka yako, hawakuja kupima kiwanja." Akashusha sauti, maana yule alikuwa mkubwa wake, na walikuwa msibani. "Samahani, shemeji yangu. Mle ndani kuna mama ameingia zamu sasa hivi. Ana mayai."

Shemeji alimtazama, akautazama mti, akamtazama tena. Alikuwa mtu wa mipango, lakini hakuwa mtu mbaya. Akakabidhi shoka kwa jirani. "Haya. Mbele."

Fundi akasimama, akalitazama shimo. "Usidhani nimekusamehe," akamwambia ndege. Kisha akaingia ndani kujiandaa.

*

Walimzika kesho yake mchana. Fundi alivaa gauni jeusi la kuazima na kilemba chekundu alichokitoa chini ya sanduku, akakifunga kianzie katikati ya kichwa. Wifi yake alipomwona akashika mdomo.

"Wifi, nyekundu? Makaburini?"

"Ndiyo."

"Watu watasema."

"Waseme. Aliyekuwa na la kusema juu ya kilemba hiki alishasema."

Wifi akasogea, akamkaza fundo la nyuma lililolegea. Wakatoka wameshikana mikono.

Wenzake wa kazini ndio waliobeba jeneza, wamevaa kofia zao, na kaburini wakazivua. Mchungaji alisoma, akaomba Mungu ampokee mja wake na awafariji wanaobaki, watu wakaitikia amina. Jeneza likashushwa kwa kamba mpaka juu ya udongo wa chini, na mtu mmoja akashika sepetu. Ngazi akamzuia kwa mkono. Akapiga magoti ukingoni, na kwa kuwa alikuwa mrefu, na kaburi halikuwa la kina kirefu, mkono wake ulifika. Akagonga kifuniko kwa mpini wa ile nyundo ndogo mara tatu, taratibu, kama inavyogongwa nguzo kabla ya udongo.

Wakaguzi wote wakanyamaza kwa mazoea ya kazi yao, na watu wengine wakanyamaza kwa kuwaona wao.

Fundi akapiga magoti upande wa pili. Mkono wake haukufika. Ngazi akamnyooshea nyundo, naye akaishika karibu na kichwa cha chuma, akainama, wifi akimshikilia kiunoni, akagonga mara mbili. Akairudisha nyundo. Akasimama, akapangusa magoti, akawaambia, "Sasa."

Wakarudishia udongo.